Nimehamisha moduleta ya fezi kutoka kwenye kristali hadi hatua ya mwisho, sasa sauti inakwaruza

mtongwe_redio

Assalamu alaykum. Wakubwa, shikamooni.

Nina bodi ya redio ya zamani ya mashua, VHF, zile za kristali moja kwa kila chaneli. Ilikuwa ya ami yangu, amevulia nayo miaka hadi chumvi ikala hatua ya nguvu. Yeye keshanunua mpya, hii akanitupia mimi: "Ukiweza ifufue, ukishindwa ifanye nanga."

Njia ya mawimbi nimeifuata kwa jicho na kalamu. Kuna kristali ya 13.0667 MHz, halafu moduleta ya fezi, yaani sehemu inayopachika sauti kwenye wimbi kwa kulisogeza mbele na nyuma kidogo (huko kusogea ndiko fezi), ambayo ni koili moja na varakta tu, ile diodi ambayo ukapasita wake hubadilika kwa volti. Halafu transista ya kuzidisha mara tatu, unapata 39.2 MHz. Halafu mara mbili, 78.4. Halafu mara mbili tena, 156.8 MHz, chaneli 16. Jumla mara 12. Hatua ya nguvu nimeing'oa, kinachobaki ni kama nusu wati, nacho nakimwaga kwenye rezista ya ohm 50 ndani ya debe la biskuti lililofungwa. Antena hakuna. Nasema mapema kabla sijasomewa. Nasikiliza kwa kile kijiti cha USB cha kupokelea redio kilichochomekwa kwenye laptop, huku naangalia mawimbi kwenye skrini.

Tatizo la mwanzo lilikuwa mvumo. Nyuma ya sauti kulikuwa na "mmmmm" isiyokoma. Nikasoma mahali kwamba ukizidisha masafa mara 12, fezi nayo inazidishwa mara 12, pamoja na uchafu wote ulioingia humo. Nikajiambia, basi kosa ni la aliyeibuni. Kwa nini aingize sauti mapema, kisha mvumo ubebwe na kukuzwa njia nzima? Si heri kuingiza mwishoni, mawimbi yakiwa yameshafika 156.8?

Nikajenga moduleta nyingine, koili ndogo ya mizunguko michache na varakta, nikaiweka baada ya hatua ya mwisho ya kuzidisha. Ile ya zamani nikaiziba.

Mvumo umepungua kweli. Lakini sauti sasa ni ndogo kama ya mtu aliye ng'ambo ya Likoni nami niko huku kisiwani. Nikiongeza toni ya majaribio ya 1 kHz, badala ya kupanda inaanza kukwaruza. Na kwenye skrini mabawa ya mawimbi, yale yanayochomoza pande mbili za masafa ya kati, hayalingani, la kushoto limepanda kuliko la kulia. Koili nimebadilisha mara tatu. Varakta mara mbili. Lehemu nimerudia hadi shaba ya bodi inaanza kubanduka.

Nimekosea wapi?

Kapteni_Nazi

Kaka, unajitesa bure. FM (kuyumbisha masafa) na PM (kuyumbisha fezi) ni mtu na pacha wake, weka moduleta popote upendapo, mwanzo, kati, mwisho, yote masafa. Shida yako ni varakta. Hizi tunazouziwa siku hizi ni takataka zilizoandikwa namba nzuri. Tafuta ya zamani kwenye redio mbovu. Ikishindikana, gonga bodi kwa nyuma ya bisibisi.

FundiWaLiwatoni

Mwanangu wa Mtongwe, wa alaykum salaam, na marahaba.

Hongera kwa debe la biskuti. Nasema kwa dhati. Chaneli 16 ni ya watu wanaozama, si ya kujaribia "hallo hallo moja mbili". Nimewahi kumfukuza mwanafunzi kwa hilo, na alikuwa mtoto wa dada yangu.

Sasa kazi. Lehemu yako haina kosa, na varakta yako huenda ni nzima kabisa, Kapteni aisamehe. Una kosa la hesabu, wala si la aibu. Mimi nililifanya nikiwa na mvi tayari.

Tuanzie kwenye antena turudi nyuma. Redio ya baharini inaruhusiwa kuyumbisha masafa hadi 5 kHz kila upande, isipite hapo. Sisi mafundi tukipima, tunaingiza toni ya 1 kHz na kuweka myumbo wa 3 kHz hivi. Sasa kariri jambo moja: kwenye modulesheni ya fezi, myumbo wa masafa ni fezi mara masafa ya sauti. Kwa hiyo 3 kHz gawa kwa 1 kHz, unapata 3. Radiani 3. Kwa digrii ni 172 kwenda huku, na 172 kwenda kule.

Chukua koili yako na kapasita yake. Hata ukivisomea dua, haviwezi kusogeza fezi kupita digrii 90 kila upande. Ndivyo vilivyoumbwa. Ukiivuta koili mbali na masafa yake, mwanzo fezi inatembea vizuri, halafu inachoka, halafu inakwama kabla ya 90 na haiendi tena. Wewe umeiomba 172. Ndio maana sauti ilikuwa ndogo, na ulipoilazimisha ikakwaruza: vilele vya toni vinagonga ukuta na kulala bapa.

Aliyeibuni redio ya ami yako alijua hili. Akaweka moduleta pale kwenye 13.0667, mbele yake zikabaki hatua za mara 12. Radiani 3 gawa kwa 12 ni 0.25, digrii 14 tu. Digrii 14 ni matembezi ya asubuhi kwa koili. Kila hatua ya kuzidisha inazidisha fezi pamoja na masafa, kwa hiyo zile 14 zinafika mwisho zikiwa 172, na hakuna koili hata moja iliyotolewa jasho.

Nimekukokotolea mkwaruzo wenyewe, harmoniki ya tatu (mlio wa ziada wenye masafa mara tatu ya toni) inayotokana na kujipinda kwa koili moja. Ukiwa kwenye 13.0667 ni kama nusu ya asilimia moja. Sogea hadi 39.2: fezi unayohitaji ni digrii 43, harmoniki inafika asilimia 5. Sogea hadi 78.4: digrii 86, harmoniki inakaribia asilimia 29, hiyo si sauti tena ni kinu. Kwenye 156.8 hakuna cha kukokotoa.

Halafu yale mabawa yako yasiyolingana. Koili ikivutwa mbali na masafa yake haigeuzi fezi tu, inapunguza na nguvu. Kwenye digrii 14 nguvu ya wimbi, namaanisha kimo chake, inabaki asilimia 97. Kwenye 43 inashuka hadi 73. Kwenye 86 inabaki 7, yaani imezimika. Sasa sauti yako inayumbisha fezi na kimo kwa wakati mmoja, na koili ikiwa haikukaa katikati sawasawa, bawa moja linanenepa jingine linakonda. Redio ya zamani ilikuwa na tatizo hilo hilo kwa kiasi kidogo, lakini zile transista tatu za kuzidisha zinafanya kazi zikiwa zimeshiba, zinakata vilele vyote viwe sawa. Wewe umeweka moduleta mahali ambapo baada yake hakuna wa kukata chochote.

Kapteni, na wewe nikujibu kwa heshima. FM na PM ni pacha, sawa, lakini mmoja anakula kuliko mwenzake. Piga mluzi wa 300 Hz kisha wa 3000 Hz kwa nguvu ile ile. Kwenye FM halisi myumbo ni sawa. Kwenye PM mluzi wa juu unayumbisha mara 10 zaidi. Ndio maana kwenye karatasi za redio za baharini utaona 16K0G3E, na hiyo G ndiyo fezi. F ingekuwa masafa. Mpokeaji wa baharini hupunguza sauti za juu kwa kiwango kile kile, kwa hiyo sikio haligundui. Na kwa sababu hiyo hiyo, "s" na "sh" za mtu anayepiga kelele zingetoka nje ya 5 kHz, kwa hiyo kabla ya moduleta huwa kuna kikatio cha vilele na filta inayozima sauti za juu ya 3 kHz. Mtongwe, ulipohamisha moduleta, kikatio ulikihamisha nacho? Usinijibu, angalia kwanza.

Ami yako naye angeuliza: kwa nini tusiiyumbishe kristali yenyewe tukamaliza? Inawezekana, wengine hufanya. Lakini kristali ya baharini inaheshimiwa kwa sababu haitoki mahali pake. Redio ya chombo inaruhusiwa kukosea sehemu 10 katika milioni, ambazo kwenye 156.8 ni 1,568 Hz, na pale kwenye kristali ni 131 Hz tu. Ukianza kuivutavuta kwa varakta, joto la Machi hapa Mombasa litaimalizia. Moduleta ya fezi inaiacha kristali ikae kitako, inacheza na kivuli chake.

mtongwe_redio

Mzee, ahsante. Nimeangalia. Kikatio sikukihamisha. Nimejificha uso.

Lakini bado nina swali. Mvumo ulipungua kweli nilipohama, sikuota. Kwa hiyo nadharia yangu haikuwa ya uongo mtupu? Na kama 156.8 ni ukuta, kwa nini nisikae katikati, kwenye 39.2? Au nifanye kama redio nyingine nilizoona michoro yake: nimodulishe kwenye masafa ya chini yaliyo rahisi, kisha nipandishe hadi 156.8 kwa miksa badala ya kuzidisha. Miksa haizidishi mvumo, sivyo?

bi_mhandisi_Tudor

Ngoja nimsaidie Fundi kwenye hilo la miksa, maana wanafunzi wangu wote huteleza hapo.

Ni kweli, miksa haizidishi mvumo. Lakini haizidishi sauti pia. Miksa inahamisha wimbi zima kutoka mtaa mmoja hadi mwingine na mizigo yake ilivyo. Ukiingia na fezi ya radiani 0.25, unatoka na 0.25, iwe kwenye 10 MHz au 156. Kwa hiyo ukimodulisha chini kisha ukapandisha kwa miksa, zile radiani 3 zote lazima uzipate kule chini, kwa koili ile ile yenye ukuta wa digrii 90. Umebadilisha mtaa, deni liko pale pale.

Hesabu ya kugawa ifanye kwa hatua za kuzidisha peke yake. Miksa ihesabu kama mara moja, haiongezi kitu.

Mtu aliyetumia vyote viwili kwa akili ni Edwin Armstrong wa Marekani, aliyepata hati miliki za FM mwaka 1933. Alitaka FM ya utangazaji, myumbo wa 75 kHz, tena hadi kwenye noti za chini kabisa za muziki. Piga ile hesabu ya Fundi kwa 75 kHz na sauti ya 50 Hz: radiani 1,500! Moduleta yake ya fezi ilikuwa safi hadi kama nusu radiani. Kwa hiyo anahitaji kuzidisha mara elfu tatu na kitu. Lakini ukizidisha kristali mara elfu tatu unaipeleka mbali sana. Mfano tunaousomesha ni huu: anza na 200 kHz, myumbo wa 25 Hz. Zidisha mara 64, unapata 12.8 MHz na myumbo wa 1.6 kHz. Sasa ingiza miksa yenye 10.9 MHz, urudi chini hadi 1.9 MHz. Masafa yameshuka, myumbo umebaki 1.6 kHz vile vile. Zidisha mara 48, upo 91.2 MHz na myumbo wa 76.8 kHz. Miksa pale katikati ndiyo iliyomruhusu kuzidisha fezi mara 3,072 bila kuipeleka redio nje ya bendi.

Ona pia alivyotumia saketi nyingine ya kuikunja sauti kabla ya moduleta, sauti za chini zikikuzwa kuliko za juu, ili PM itoke kama FM. Wewe huhitaji hilo, baharini tunaipenda PM ilivyo.

La 39.2 namwachia mwenyewe, yeye ndiye mwenye mikono iliyoungua.

FundiWaLiwatoni

Ahsante mwalimu. Mikono imeungua kweli, ya kulia ina alama ya redio moja nitakayoisimulia sasa hivi.

Mtongwe, nadharia yako haikuwa ya uongo. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayomaliza fundi. Iangalie hivi. Tuseme ndani ya moduleta yenyewe kuna mvumo wa radiani 0.01, haubadiliki popote uiwekapo. Ukiwa kwenye kristali, unazidishwa mara 12, unatoka 0.12, mbele ya sauti ya radiani 3. Tofauti ni desibeli 28, na mtu anausikia. Ukiwa kwenye 39.2, mvumo unazidishwa mara 4 tu, unatoka 0.04, na tofauti inakuwa 37.5. Umepata karibu desibeli 10 za bure. Sababu ni kwamba kule mbele unaidai moduleta sauti kubwa zaidi, digrii 43 badala ya 14, na mvumo wake umebaki ule ule. Kwa hiyo ukisogea mbele mvumo unapungua, ukirudi nyuma mkwaruzo unapungua. Aliyeibuni redio anapima kwenye mizani hiyo, hakuna pa bure.

Lakini sikia. Mvumo wa kristali yenyewe, au wa waya unaoilisha kristali, unazidishwa mara 12 popote ulipoweka moduleta. Hauukimbii kwa kuhama.

Sasa hadithi. Alikuja nahodha mmoja na redio ya aina yako. Akiongea, wenzake wanamsikia kama yuko ndani ya mzinga wa nyuki. Nilikuwa na haraka, ilikuwa siku chache kabla ya Idi na kila mtu anataka chombo chake kiwe tayari. Nikaanza kwenye maikrofoni. Safi. Nikabadilisha kapasita zote za sauti. Mvumo upo. Nikashuku hatua ya nguvu, nikaishika ikiwa imewashwa, ndiyo hii alama. Mvumo upo. Siku mbili. Nahodha anakuja na mahamri asubuhi, anaondoka kimya, na kimya cha nahodha ni kibaya kuliko matusi yake.

Siku ya tatu nikaacha kutafuta mahali penye kelele nyingi, nikaanza kutafuta mahali ambapo kelele kidogo ingetosha. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza. Kitu gani kwenye redio hii kinazidishwa mara 12? Nikaweka osiloskopu kwenye waya unaoipa varakta volti zake za kukaa katikati. Juu ya ile volti iliyotulia kulikuwa na kakitu kadogo, milivolti chache tu, kanatetemeka sawa na chaji ya injini. Kapasita ya kusafisha waya ule ilikuwa imekauka. Milivolti chache! Kwenye spika usingezijali. Lakini varakta inazigeuza fezi, na fezi inapita kwenye tatu, mbili, na mbili. Nikaweka kapasita mpya, na rezista kabla yake, nyuki wakahama.

Kwa hiyo kabla hujahamisha chochote, rudisha moduleta ya zamani mahali pake, na uiangalie stima yake. Unatumia nini kuilisha bodi? Ukiniambia adapta ya ukutani nitacheka, maana stima yetu ni ya 50 Hz, ikipita kwenye diodi nne mvumo wake ni 100 Hz, ndio hiyo "mmmmm" yako.

Ukishamaliza hapo na bado unataka 39.2 kwa ajili ya kujifunza, inafaa, lakini usitumie koili moja. Tumia mbili, moja baada ya nyingine, kila moja na varakta yake, sauti iingie zote mbili. Zile digrii 43 zinagawanyika, 21 na nusu kila moja, na harmoniki inashuka kutoka asilimia 5 hadi kama asilimia 1.2. Kati yake weka transista ya kuzitenganisha. Ukiziacha zigusane moja kwa moja zitavutana, na hutajua ni ipi unayoikaza.

Na jingine, kwa kuwa umeanza kuchezea zile hatua. Kristali ya 13.0667 inaacha vivuli vyake kila baada ya 13.0667. Cha kumi kinaangukia 130.67 MHz, ndani kabisa ya bendi ya sauti ya ndege. Zile koili zilizofungwa mwishoni si mapambo, ndizo zinazozuia kivuli hicho kisitoke. Siku utakapoirudisha hatua ya nguvu na antena, kila koili iwe imekazwa upya na mtu mwenye leseni na vifaa vya kupimia, maana ndege zinashuka Port Reitz pale juu ya vichwa vyetu.

Kapteni_Nazi

Naondoa kauli yangu ya kugonga bodi. Ile ya varakta feki nabaki nayo.

mtongwe_redio

Narudi na majibu.

Ilikuwa adapta ya ukutani. Cheka mzee.

Nimerudisha moduleta ya zamani kwenye 13.0667 na kikatio chake. Nikalisha bodi kwa betri ya pikipiki badala ya adapta. Mvumo ukashuka sana, lakini haukuisha. Nikafuata hadithi ya nyuki hadi kwenye waya wa varakta, nikakuta kapasita ya asili ina mkia mweupe wa chumvi chini yake. Nikaitoa, nikaweka mpya na rezista. Kimya. Toni ya 1 kHz inatoka safi hadi myumbo wa 3 kHz, mabawa yamelingana.

Sikutosheka, nikajaribu na 39.2. Kwanza kwa koili moja, kwa makusudi, ili nisikie asilimia 5 inafananaje. Inafanana na mtu anayeongea akiwa na pipi mdomoni. Halafu koili mbili na transista kati. Sauti ni nzuri, na mlio wa nyuma ni mdogo kuliko kwenye 13. Lakini ilinichukua usiku mzima kuzikaza. Nikigusa ya kwanza, ya pili inahama, hata na transista katikati. Na nikiondoa bisibisi, zote mbili zinahama tena. Ami amepita saa saba ya usiku akauliza kama nimepata kazi bandarini.

Mzee, unazikazaje mpaka zikae?

FundiWaLiwatoni

Ami yako namjua, hata kama simjui.

Sasa bisibisi. Unatumia ya chuma, sivyo? Chuma ukikitia kwenye koili kinakuwa sehemu ya koili. Unaikaza ikiwa na chuma ndani, ukikitoa, koili unayoiacha si ile uliyoikaza. Kwenye 13 MHz ungesamehewa kidogo, kwenye 39 hausamehewi.

Kaza hivi. Toa sauti kabisa. Weka volti ya varakta katikati ya mwendo wake. Koili ya kwanza, itafute pale ambapo hatua inayofuata inapata msukumo mkubwa kabisa, hapo ndipo fezi yake ipo katikati na nguvu ipo juu. Kisha ya pili vivyo hivyo. Kisha urudi ya kwanza, maana itakuwa imesogea kidogo. Mara tatu hivi zinatulia. Ndipo uingize toni na kuangalia mabawa, na kama bado moja limenenepa, gusa volti ya varakta na uziache koili. Ile transista ya kutenganisha, kama pato lake limefungwa moja kwa moja kwenye koili ya pili, weka rezista ya ohm 100 hivi kati yake, zitaacha kupigana.

Alhamisi baada ya alasiri nipo bandani. Ukishuka Liwatoni uliza fundi wa redio, watoto watakuonyesha. Njoo na bodi na lile debe. Na ununue bisibisi ya plastiki njiani, mbili ukipata, yangu mjukuu ameitafuna ncha.